Vyeti vimeota ukungu na kiongozi kahama: kumbukumbu za skauti wangu nitazifufuaje?

SWALI

Assalaam aleikum wahusika wa safu hii.

Mwanangu wa kiume ana miaka 15, yuko kidato cha pili, na uskauti ameanza tangu akiwa kabu, yaani skauti mdogo, darasa la nne. Miaka yote hiyo kila alicholeta nyumbani, kiwe cheti, beji au picha ya kambi, kazi yangu ilikuwa kukitia kwenye mfuko wa plastiki na kuuweka juu ya kabati. Nilijiona nimehifadhi. Masika ya mwaka huu bati likavuja. Nilipofungua mfuko nikakuta vyeti vimeshikana, vingine vina madoa meusi, na sahihi kwenye viwili imekuwa doa la bluu tu.

Hayo ningeyameza. Lakini sasa imetokea nafasi ya kambi ya nje ya nchi, na kila kijana ametakiwa alete orodha ya beji zake, kambi alizolala, saa alizojitolea, na jina la mtu wa kuthibitisha. Kiongozi wao wa zamani alihama mkoa, na rejista ya kundi haijulikani iliko. Huyu wa sasa ana mwaka mmoja tu. Ni kijana muungwana, ila anasema hawezi kutia sahihi kitu ambacho hakukiona. Nimemkasirikia, ingawa moyoni naona ana haki.

Jirani ananishauri nivipeleke vyote vikafanyiwe laminesheni kabla havijaharibika zaidi. Mwingine anasema nipige picha kisha nitupe karatasi, dunia ya leo ni ya simu. Mwanangu mwenyewe anasema tukadirie tu: "Weka saa mia, mama, nani atahesabu?" Naomba mnielekeze kipi kinaokoleka, kipi tukiandike upya na kwa njia gani, na kuanzia sasa tuweke vipi. Nyumba yetu iko karibu na bahari, unyevu hauishi.

Mama wa Skauti, Sahare, Tanga

JIBU

Waleikum salaam, mama.

Kabla ya yote, usivipeleke kwenye laminesheni. Karatasi yenye unyevu ikifungiwa ndani ya plastiki kwa moto, unyevu unabaki humo humo na ukungu unaendelea kula, ila safari hii hutaufikia. Mashine zile hufanya kazi kwa joto linalopita nyuzi 100. Wino wa fotokopi na wa printa ya leza ni unga uliogandishwa kwa moto, kwa hiyo joto hilo huulainisha tena. Na karatasi laini za aina ya risiti za dukani hugeuka nyeusi yote papo hapo. Ukishafunika, hufunui. Ukijaribu kubandua plastiki, uso wa karatasi unatoka nayo. Tena anayekagua cheti hupenda kupapasa mhuri wa kubonyeza na kutazama kama sahihi ni ya kalamu au ya fotokopi, na chini ya plastiki hayo hayaonekani. Jirani ana nia njema, lakini laminesheni tuwaachie wenye mikahawa na menyu zao.

Yule wa picha yuko sahihi nusu. Picha zipigwe leo, kabla hujasafisha chochote, hata za vile vilivyoshikana. Karatasi isitupwe.

Kuokoa kilichopo

Vitoe vyote kwenye mfuko, uvitandaze kivulini penye upepo, juu ya karatasi nyeupe au shuka jeupe lisilochuja rangi. Magazeti hapana, wino wake huhamia kwenye karatasi mbichi. Jua la saa saba nalo hapana: hukunja karatasi na kupausha wino. Feni ivume pembeni, isivume juu yake. Ukungu huweza kuanza ndani ya siku moja au mbili tangu karatasi kulowa. Kwako muda huo umepita, kwa hiyo kazi iliyobaki ni kuusimamisha, na ukungu husimama karatasi ikikauka hasa.

Vilivyoshikana usivivute kwa nguvu. Vikiwa bado na unyevunyevu, pitisha ukingo wa kadi nyembamba ya plastiki kutokea pembe isiyo na maandishi, kidogo kidogo. Pembe ikigoma, hamia nyingine. Picha za kamera zilizosafishwa studio kwa dawa zinaweza kulowekwa kwenye maji safi ya baridi, nusu saa hivi, hadi zijiachie zenyewe. Picha za printa usiziloweke, rangi yote itamwagika. Pini za stepla zitoe kwa ncha ya kisu butu kutokea nyuma, maana kwa hewa ya bahari hizo ndizo zinazoanza kushika kutu na kutoboa karatasi.

Ukungu ukishakauka kuwa unga, toka nje, vaa barakoa, upepo uwe mgongoni kwako, uufagie kwa brashi laini ya rangi kutoka katikati kwenda ukingoni. Ukiusugua ungali mbichi, unaupaka ndani ya karatasi. Doa litabaki na liachwe libaki. Jiki, siki na pasi visiikaribie karatasi.

Vile viwili vilivyoyeyuka sahihi, msipitishe kalamu juu yake, wewe wala kijana. Mkiipitisha, cheti kilichoharibika kimekuwa cheti cha kughushi. Kama vilevile vilivyo vina thamani: vina tarehe, vina namba pengine, na vinaonyesha mahali pa kuanzia kuulizia.

Kujenga upya kilichopotea

Kiongozi wa sasa ana haki, na ukimwelewa yeye utakuwa umeelewa kazi yote iliyobaki. Sahihi katika kumbukumbu za skauti husema kitu kimoja: nilikuwepo, nikaona. Cheti cha rangi chenye nembo hakina nguvu kuliko mstari mmoja wa bolpeni ulioandikwa siku ya tukio na kutiwa sahihi na aliyekuwepo. Kwa hiyo usimwombe atie sahihi za tarehe za nyuma. Mwombe kile anachoweza kukisema bila kudanganya, kwa mfano: "Leo nimeonyeshwa cheti hiki, picha tatu na shati lenye beji hizi." Hapo anashuhudia ushahidi, hashuhudii tukio, na hakuna kiongozi makini atakayekataa.

Chukua karatasi pana mpige mistari, safu nne: tukio, tarehe, ushahidi uliopo, nani aliona. Kisha msake, mkianza na vilivyo ndani ya nyumba.

Anza na shati la sare. Beji zilizoshonwa ni orodha tosha ya kuanzia; piga picha mikono yote miwili na kifua. Beji haisemi tarehe, lakini inawakumbusha cha kutafuta. Kisha simu zenu. Picha iliyobaki kwenye simu iliyoipiga huwa na tarehe na saa ndani yake. Iliyopita WhatsApp hupoteza hizo, ila kwenye simu za Android jina la faili hubaki na tarehe, mfano IMG-20230715-WA0004. Hiyo ni tarehe picha ilipotumwa au kupokelewa, siyo lazima ndiyo iliyopigwa. Kambi ya Ijumaa mara nyingi picha zake hutumwa Jumatatu. Ijazeni kama "kabla ya au tarehe 15 Julai 2023".

Kuna ushahidi ambao wazazi wengi huusahau, nao ni ujumbe wa malipo. Kama mchango wa kambi ulitumwa kwa simu, ule ujumbe una tarehe, saa, kiasi na namba ya muamala. Kama umeufuta, ulizia kwa mtandao wako wa simu taarifa ya miamala ya kipindi hicho.

Baada ya hapo nendeni shuleni. Makundi mengi ya skauti kwetu yako chini ya shule, na safari ya wanafunzi kulala nje haitoki bila barua ya ruhusa. Ombeni kwa mwalimu mkuu, kwa heshima na kwa maandishi, nakala ya barua za safari za miaka mnayoitaka. Shule ya msingi aliyosoma akiwa kabu msiiache. Halafu wenzake wa kundi: kijana aliyelala naye hema moja ana cheti cha tarehe ile ile, na ambacho mamake pengine alikitunza vizuri.

Wa mwisho ni kiongozi aliyehama. Kuhama mkoa si kupotea. Msimpigie kumwuliza "unakumbuka nini?", maana atawajibu "mengi" na mazungumzo yataishia hapo. Mtumieni ile jedwali ikiwa imeshajazwa, mkamwomba barua moja inayobeba yote. Barua iwe na jina lake kamili, cheo alichokuwa nacho na miaka aliyokishika, jina la kijana kama lilivyo kwenye cheti cha kuzaliwa, matukio anayoyakumbuka kwa yakini moja moja, na tarehe ya leo. Narudia, tarehe ya leo. Barua ya leo inayosema "Agosti 2022 nilikuwa kiongozi wa kambi na kijana huyu alilala usiku 3" ni ushahidi mzuri. Karatasi mpya kabisa yenye tarehe ya Agosti 2022 haiwezi kuwa ushahidi, na anayezoea kukagua huijua kwa kuitazama tu. Mwulizeni pia rejista alimkabidhi nani. Mara nyingi iko kwenye kabati la shule, chini ya mipira.

Mkimaliza, kila mstari upeni herufi. A ni wenye cheti au barua ya aliyeona. B ni wenye ushahidi wa pembeni, kama picha, muamala au barua ya ruhusa. C ni kumbukumbu ya kijana peke yake. Kwenye fomu jumlisheni A na B, na C muitaje kando kwa maneno "haijathibitishwa". Sasa mjibu mwanao kuhusu saa mia: anayehesabu yupo, na namba ya mviringo ndiyo inayomfanya ahesabu. Usafi wa Jumamosi ukiwa wa saa mbili, na akathibitishwa mara tisa, hizo ni saa 18. Andikeni 18. Kijana mwenye saa 18 zinazosimama huulizwa maswali machache kuliko mwenye mia zinazoyumba.

Kwa cheti kilichopotea kabisa, kuna taratibu ya kutoa taarifa polisi, mpewe karatasi ya upotevu, kisha mwombe kwa waliokitoa. Wengi hawatoi cheti cha pili, ila barua ya uthibitisho mnaweza kuipata. Iombeni kwa jina hilo.

Daftari, kuanzia wiki hii

Nunueni kaunta buku ya kwaya mbili, iliyoshonwa kwa uzi. Ya waya msiitake: waya unashika kutu na ukurasa unang'olewa bila kuacha alama, wakati nguvu ya daftari la kushonwa ni kwamba ukurasa ukichanwa unajulikana. Kijana aandike namba za kurasa zote kabla hajaandika kingine. Kurasa mbili za mwanzo ni za yaliyomo. Ya tatu ni ya uanachama: jina kamili, tarehe ya kuzaliwa, kundi, tarehe ya kula ahadi na nani alimpokea, na kila alipohama kundi au ngazi.

Kalamu ni bolpeni, nyeusi au bluu. Zile za wino wa maji zinazoteleza vizuri ndizo zilizokuachia doa.

Kisha gaweni daftari: beji na ngazi, kambi, huduma kwa jamii, uongozi, mafunzo. Kila tukio lichukue mstari unaovuka kurasa mbili zinazotazamana, lenye namba, tarehe, mahali, muda, alichofanya, jina na cheo cha shahidi, namba yake ya simu, sahihi, na namba ya ushahidi ulioko kwenye faili. Safu ya jina la shahidi isirukwe kwa kuwa sahihi ipo. Mkwaruzo usio na jina, baada ya miaka mitano hakuna anayejua ni wa nani.

Tarehe iandikwe kwa neno: 3 Aprili 2025. Ukiandika 03/04/2025, Mmarekani ataisoma Machi 4. Na saa hivyo hivyo. Sisi tukisema saa mbili asubuhi tunaelewana, lakini karatasi ikienda nje, "saa 2 hadi saa 5" itasomeka kama usiku wa manane. Andikeni 08:00 hadi 11:00, au muda tu: saa 3.

Kambi huhesabiwa kwa usiku. Kufika Ijumaa jioni na kuondoka Jumapili mchana ni usiku 2, hata kama barua ya shule ilisema siku tatu. Andikeni pia alilala wapi, hemani au darasani, kwa sababu fomu nyingine hutenganisha. Kwa huduma, saa huanza mkianza kazi na kuisha mkimaliza. Safari ya daladala, soda na hotuba ya mgeni rasmi haziingii. (Hotuba nyingine, kwa kweli, zingestahili kuhesabiwa kama kambi.)

Safu inayoandikwa vibaya kuliko zote ni ya "alichofanya". Vijana huandika "nilishiriki usafi". Neno hilo halimwambii msomaji kitu. Tenganisheni alihudhuria, alifanya, aliongoza. Linganisha "Usafi ufukweni Raskazone" na huu: "Usafi ufukweni Raskazone, 08:00 hadi 11:00, niliongoza skauti 6, tulijaza magunia 11, niligawa glavu na kuhesabu vijana kabla na baada." Wa pili umebeba uongozi, usalama na kazi kwa mstari mmoja. Matembezi nayo yawe na njia na umbali: kutoka mjini hadi Mapango ya Amboni ni kama kilomita 8, kwa hiyo kwenda na kurudi kwa miguu ni 16, na ramani ya kuchora kwa mkono iwekwe faili ikiwa na mahali pa maji na pa kupumzika.

Daftari kubwa lisiende kambini. Linakaa nyumbani. Kijana abebe kijidaftari cha mfukoni ndani ya mfuko wa nailoni, aandike kila jioni, na shahidi atie sahihi humo kabla hamjapanda gari la kurudi. Hiyo ndiyo saa ya sahihi. Mkishafika stendi kila mtu anawahi kwao, na wiki ya pili kiongozi ana mambo mengine. Ahamishie kwenye daftari ndani ya siku saba, na kijidaftari kikijaa kisitupwe, kinapewa namba kinaingia faili. Akikosea, apige mstari mmoja, aandike neno lililo sahihi pembeni, na tarehe. Korekta nyeupe hapana.

Kwa beji kuna mtindo mzuri wa kuiga. Skauti wa Marekani anayetafuta daraja la Eagle, la juu kabisa kwao, huhitaji beji za ustadi 21, na amalize kabla hajatimiza miaka 18. Kwa muda mrefu kila beji imekuwa na kadi ya bluu ya vipande vitatu: kimoja cha kundi, kimoja cha mtahini, kimoja cha skauti mwenyewe. Rejista ya kundi ikipotea, vipande viwili vipo kwa watu wengine. Nyinyi hamhitaji kadi ya bluu. Kitabu cha risiti chenye nakala mbili, cha steshenari yoyote ya Ngamiani, kinatosha: andikeni beji, masharti aliyotimiza moja moja, tarehe ya kila sharti, mtahini, ukurasa wa juu kwa kundi, wa pili kwa mtahini, wa tatu ubaki kitabuni. Masharti yaandikwe moja moja kwa sababu kijana akihama kundi akiwa amefanya manne kati ya sita, hayo manne asiyarudie.

Vyeti vya huduma ya kwanza vichunguzwe sana. Vingi vina tarehe ya kwisha. Iandikeni kwa penseli pembeni mwa mstari, na miezi mitatu kabla yake aulizie kozi ya kurudia.

Na anayeandika ni yeye, mama. Wewe utunze faili, umkumbushe Jumapili, basi. Siku ya usaili ataulizwa "hapa unasema uliongoza sita, mlifanya nini mmoja alipoumia?", na aliyeandika kwa mkono wake atajibu.

Faili na unyevu wa Sahare

Vyeti viingie kwenye mifuko ya plastiki ya A4 yenye matundu, kimoja kwa mfuko. Chagua plastiki ngumu kidogo inayochakacha. Ile laini yenye harufu kali kama ya ndala mpya hunata na kunyonya wino wa fotokopi. Baada ya mwaka maandishi yanahamia kwenye mfuko. Selotepu isiguse cheti, gundi yake huwa kahawia na haitoki.

Faili likae kwenye ndoo au boksi la plastiki lenye kifuniko cha kubana. Lisikae juu ya kabati chini ya bati, umeshaona. Lisikae sakafuni wala kwenye ukuta wa nje unaotoa jasho. Rafu ya katikati, ukuta wa ndani, panatosha. Vile vipakiti vya kukausha vinavyokuja na viatu vinasaidia kidogo, lakini vikishashiba unyevu vimekufa. Vile vyenye punje za rangi hubadilika rangi vikishiba, navyo hukaushwa kwa joto dogo na kutumika tena. Mchele usiweke, unaalika wadudu. La maana zaidi ni kulifungua boksi siku kavu ya kaskazi, kurasa zipate hewa saa moja kivulini, na kuliacha limefungwa masika yote. Karafuu kwa ajili ya mende, kwenye kitambaa, mbali na karatasi: mende hupenda gundi ya majalada.

Beji za chuma na pini zikae peke yake, kila moja kwenye bahasha ndogo ya karatasi. Zikifungwa pamoja na vyeti, kutu yake huchora duara juu ya karatasi. Skafu na sare zifuliwe kabla ya kuwekwa, chumvi ya jasho huvuta unyevu.

Simu

Piga cheti kikiwa mezani karibu na dirisha, bila flashi, simu ikiwa sambamba na karatasi, pembe zote nne zionekane, mbele na nyuma. Jina la faili lianze na mwaka: 2025-04-03_beji_huduma-ya-kwanza. Hapo yatajipanga yenyewe. Ukiyatuma kwa WhatsApp, yatume kama faili, siyo kama picha, maana picha hubanwa na mhuri unasomeka kwa shida. Nakala moja kwenye akaunti ya mtandaoni. Ya bure ya Google ina GB 15, na vyeti vyote vya kijana mmoja havifiki hata moja. Nyingine kwenye flashi iliyoko nyumba nyingine, kwa shangazi au bibi. Akaunti iwe na barua pepe ya pili ya kurudishia nywila, siyo namba ya simu peke yake, kwa kuwa laini isiyotumika hufungwa na baadaye kupewa mtu mwingine.

Cheti cha kuzaliwa kisitumwe kwenye kundi la wazazi. Mtumie anayekihitaji peke yake.

Jina na umri

Haya mawili yamewaangusha vijana wenye beji tele. Omar kwenye cheti cha kuzaliwa, Omari shuleni, Omary kwenye cheti cha kambi: kwetu ni mtu yule yule, kwenye meza ya viza ni watatu. Cheti cha kuzaliwa ndicho kipimo. Kuanzia leo majina yote matatu yaandikwe kama yalivyo humo, herufi kwa herufi, na kijana mwenyewe amsomee anayejaza vyeti. Vilivyokwisha kosewa msivisahihishe kwa kalamu. Kama ni kimoja, barua ya kiongozi inatosha. Kama ni vingi, nendeni kwa wakili mfanye kiapo cha jina, na nakala yake iwe ukurasa wa pili wa faili.

Umri ni vilevile. Jamborii la Dunia, ile kambi kuu ya skauti wa nchi mbalimbali, kwa mfano, hupokea washiriki vijana wa miaka 14 hadi 17, na aliyepita hapo hata siku chache huingia kama mhudumu au mkubwa, au haingii. Ulizieni hiyo kambi yenu inahesabu umri kufikia tarehe gani, kabla ya kulipia chochote.

Kwenye fomu yenyewe msiambatanishe boksi zima. Ukurasa mmoja wa muhtasari: ngazi na tarehe, beji kwa idadi na majina, usiku wa kambi, saa za huduma zilizothibitishwa, uongozi, majina mawili ya mashahidi na simu zao baada ya kuwaomba ruhusa. Nakala za A ziambatanishwe. B zitajwe, ziletwe wakiulizwa. Asili isitoke mkononi. Onyesheni, mrudi nayo.

Bado liko jambo la kundi. Mwambieni kiongozi wa sasa, kwa utaratibu, kwamba wazazi mnaomba rejista ipigwe picha kila mwisho wa muhula, nakala ibaki kwa mwalimu mkuu na nyingine kwa mzazi mmoja mtakayemchagua. Mkikubaliana, wazazi wengine kila mmoja apewe ukurasa wa mwanawe tu. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, hata majina, simu na tarehe za kuzaliwa za watoto wa wenzenu si vya kusambaza ovyo, kwa hiyo wakati wa kupiga picha ya huo ukurasa wa mwanao, mistari ya wengine ifunikwe kwa karatasi.